Off, put, run: vijineno vinavyowatoa jasho vijana wa mapokezi

Kijana aliyemaliza kidato cha nne atakusomea "accommodation" bila kusita, na maana yake atakupa. Sasa mwambie "the milk is off" uone. Mwanafunzi wangu mmoja, mhudumu wa mgahawa kule Nungwi, aliambiwa hivyo na mgeni wakati wa chai ya asubuhi. Akalitazama jagi, akautazama ukuta, kisha akaenda kukagua swichi ya friji. Friji ilikuwa inawaka vizuri tu. Akarudi na tabasamu lake: "No, madam, it is on." Mama wa watu alikuwa anamwambia maziwa yameharibika.

Nimekaa mapokezi ya hoteli Zanzibar kwa miaka, na sasa jioni nafundisha Kiingereza wahudumu, madereva na waongoza watalii. Nikiulizwa ugumu wa lugha hii uko wapi, sitaji maneno marefu. "Refrigerator" ni friji leo, kesho na mtondo. Wanaotutesa ni wale wa herufi mbili, tatu, nne: up, off, put, get, run, set, last. Ushauri wangu kwa anayetaka kufanya kazi na wageni ni mmoja: usijifunze vijineno hivi kimoja kimoja. Kila kimoja kishike pamoja na jirani yake.

Wengi hukimbilia kamusi, wakaandika "run = kimbia" daftarini, wakapiga mstari na kuhesabu kwamba kazi imekwisha. Sasa sikia. Wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford walipolipitia upya neno "run", walikuta kama kitenzi peke yake lina maana 645, na mhariri Peter Gilliver alitumia takriban miezi tisa kuzipanga. Kabla ya hapo, katika toleo la 1989, bingwa alikuwa "set" mwenye maana zaidi ya 400. Hakuna Mwingereza anayetembea na orodha hiyo kichwani. Anachokijua ni kwamba bomba "runs" likitoa maji, pua "runs" ikichuruzika, basi "runs" kila saa, mtu "runs" hoteli yake akiiendesha, na sukari ikiisha ni "we have run out". Mgeni akikuambia "I'm running late", yaani anachelewa, usimtazame miguu. Huenda amekaa kitandani anatafuta kiatu.

Hata hili si tabia ya Kiingereza peke yake. George Zipf, msomi wa Marekani, aliandika mwaka 1945 kwamba maneno yanayotumika zaidi ndiyo yanayobeba maana nyingi zaidi. Tazama kwetu. Mzungu anayejifunza Kiswahili hufundishwa "piga" ni kuchapa kwa mkono au fimbo. Halafu anasikia tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga deki, tunapiga kura, tunapiga mswaki, na mwingine anapiga chuku. Wewe hukukaa chini ukakariri maana za "piga". Ulisikia "piga pasi" nyumbani, ukaibeba nzima nzima. Na "kula" je? Kuna anayekula wali, anayekula kiapo na anayekula njama, na hakuna anayechanganyikiwa. Ndivyo ninavyotaka mwanafunzi aibebe "run out of".

Shule zetu zinachangia tatizo, na nalisema bila chuki. Kiingereza cha vitabuni kinapenda maneno yenye asili ya Kilatini na Kifaransa, ambayo mengi yaliingia Uingereza baada ya Wanormani kuiteka mwaka 1066 na kushika mahakama na utawala. Mwanafunzi wetu hukutana na "postpone" (ahirisha), "tolerate" (vumilia) na "extinguish" (zima moto). Ni maneno mazuri, lakini mgeni aliyevaa kandambili hazungumzi hivyo. Yeye atasema "put off", "put up with", "put out", vyote kwa "put" ile ile. Akitaka kuahirisha safari ya msitu wa Jozani: "Can we put off Jozani till Friday?" Akichoshwa na kelele za ujenzi wa jirani: "I can't put up with this noise." Akitaka simu iunganishwe chumbani: "Put me through." Akitaka chakula kiandikwe kwenye bili ya chumba: "Put it on my room." Aliyekariri "put = weka" ataulizia kitu chenyewe kiko wapi ili akipandishe chumbani.

Turudi kwa "off", maana ndiyo ninayoipenda kuifundisha. Darasani naanza na ile wanayoijua wote: "leo nipo ofu." Hapo mtu ameachana na kazi. Ukishika wazo hilo la kuachana na kutoka, mengi yanafunguka. "We're off" ni tunaondoka. "The trip is off" ni safari imefutwa. "Ten percent off" ni punguzo. Kiyoyozi "keeps going off" ni kinazimika kila mara, na maziwa yaliyo "off" yameachana na uzima wake. Lakini wazo hilo lisikulevye, kwa sababu lina mahali linapogoma. "The alarm went off" maana yake ni alamu imelia. Mlinzi wa usiku akidhani imezimwa, ataendelea kunywa kahawa yake wakati jiko linawaka moto. Hii nawaambia waikariri hivyo hivyo, wasitafute mantiki.

Kuhusu daftari, ninavyotaka ni hivi: usiandike neno, andika sentensi nzima uliyoisikia, nani alisema, na alikuwa anataka nini. "The shower won't run hot, mgeni wa ghorofa ya pili, maji hayapati moto." Sentensi tatu za namna hiyo kwa siku zinatosha, ukizisoma kwa sauti kabla ya zamu. Na ukitafuta kamusi, chukua ile ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyoandikwa kwa wanaojifunza, yenye mifano chini ya kila maana. Soma mifano kwanza, ufafanuzi baadaye.

Usione aibu kuuliza. Wenyewe kwa wenyewe hupotezana. Churchill, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza, katika kumbukumbu zake za Vita Kuu ya Pili ya Dunia, anasimulia maofisa wa Uingereza na wa Marekani walivyobishana kwa muda mrefu kwa sababu ya neno "table". Kwa Mwingereza, "to table" hoja ni kuileta mezani ijadiliwe sasa. Kwa Mmarekani ni kuiweka kando. Pande zote mbili zilikuwa zinataka jambo lile lile. Kwa hiyo mgeni akikuambia neno fupi ukalitilia shaka, mrudishie kwa maneno yako: "You mean you want to cancel?" Hakuna mgeni aliyewahi kunikasirikia kwa hilo.

Kwa wanaouza tiketi za boti, chungeni "last". "When is the last boat?" anauliza boti ya mwisho leo. "When was the last boat?" anauliza ile iliyokwisha ondoka. Tofauti yote imekaa kwenye "is" na "was", na wengi huimeza hiyo "is" mpaka isikike "s" tu, basi sikilizeni hiyo "s".

Madereva nao nina neno nao. "Right" ni kulia, ni sawa, na ni haki. Dereva anauliza "Left here?" na mgeni anajibu "Right", akimaanisha ndiyo, hapo hapo. Dereva anakata kulia, gari zima linapiga kelele. Katika darasa langu, ndani ya gari "right" ni kulia tu. Ukitaka kukubali sema "yes" au "correct". Na mgeni akikujibu "right" njia panda, punguza mwendo, nyoosha mkono upande unaokusudia, usubiri aitikie kwa kichwa kabla hujazungusha usukani.