Maswali ya Wasomaji: Kinanda hakioni flashi

SWALI: Nina Yamaha Motif XF7. Nimepakua mfumo mpya (programu inayokiendesha kinanda), nikautia kwenye flashi mpya ya GB 64, nikawasha kinanda huku nimeshikilia UTILITY. Kinawaka kama kawaida tu, hakuna kinachobadilika. Flashi ni mbovu au tundu limekufa? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Usikifungue kinanda. Dalili hiyo mara nyingi ina maana moja: kinanda hakikuliona faili. Motif XF ilitoka 2010 na inasoma FAT32, mpango mmojawapo wa kupanga faili kwenye flashi. Flashi nyingi za GB 64 kwenda juu huuzwa zikiwa na exFAT, mpango mpya zaidi ambao kinanda hiki hakiujui. Kompyuta yako inaifungua bila taabu, ndiyo maana unaona flashi ni nzima.

Dawa bora ni flashi ndogo, ya GB 4 au 8. Ichomeke kwenye tundu bapa la TO DEVICE, moja kwa moja bila kigawanyo cha USB. Tundu la mraba, TO HOST, ni la kompyuta. Ingia FILE uifomati humo humo ndani ya kinanda, kisha jaribu kuhifadhi faili lolote. Likihifadhika, tundu na flashi ni vizima, na sasa mashaka yote yanabaki kwenye faili la mfumo.

Kama huna nyingine ila hiyo ya GB 64, dirisha la kufomati la Windows kwa kawaida halikupi FAT32 diski ikizidi GB 32. Fungua diskpart, programu ya Windows ya kupanga diski kwa amri za kuandika, andika list disk, kisha select disk na namba ya flashi. Hakikisha namba kwa kutazama ukubwa, maana ukikosea hapa unafuta diski ya kompyuta. Endelea: clean, convert mbr, create partition primary size=4096, format fs=fat32 quick, assign. Utapata FAT32 ya GB 4, na inatosha kabisa. Hiyo convert mbr usiiruke, kwa sababu vifaa vingi vya zamani husoma orodha ya sehemu za diski ya mtindo wa MBR (Master Boot Record), si ule mpya wa GPT. Kwenye Mac, chagua MS-DOS (FAT) pamoja na Master Boot Record.

Sasa faili lenyewe. Fungua zipu kwanza, halafu weka faili linaloishia na .PGM juu kabisa ya flashi, si ndani ya folda. Tazama jina herufi kwa herufi. Ukipakua mara mbili, kivinjari huongeza (1) kwenye jina, na kinanda kinatafuta jina lile lile la asili. Windows nayo huficha vimalizio, kwa hiyo amuru ivionyeshe.

Kabla ya kusasisha, hifadhi kazi zako zote kama All, faili la .X3A, kisha linakili kwenye kompyuta. Sampuli (sauti ulizorekodi) zilizoko kwenye SDRAM, kumbukumbu ya muda, hupotea ukizima kinanda, na huwezi kusasisha bila kukizima. Umeme nao ukikatika katikati ya kuandika, kinanda kinaweza kukataa kuwaka tena. Tumia UPS, wala usiguse swichi wala flashi mpaka skrini iseme imemaliza.

SWALI: Kinanda changu kinatumia disketi. Nilizonazo ni za HD (zenye ujazo mkubwa), kinanda kinataka za KB 720, yaani DD. Nikiziba tundu la pembeni kwa selotepu zitafaa? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Zitafomatika, na huenda zikasomeka leo. Kwa mfumo wa kinanda usizitegemee. Utando wa sumaku wa HD unahitaji nguvu kubwa zaidi ya kuandikia kuliko inayotumika kwa disketi za DD, hivyo data hukaa kwa udhaifu na sekta moja ikiharibika usasishaji unakwama. Tafuta DD halisi. Kumbuka pia kwamba viendeshi vingi vya disketi vya USB hushindwa kufomati KB 720, kwa hiyo fomati kwenye kinanda chenyewe.

Hata DD ikigoma, safisha kichwa cha kusomea kwa pamba yenye spiriti ya isopropili, taratibu, bila kukisukuma. Isipopona, badilisha kiendeshi kwa Gotek, kifaa kinachojifanya kiendeshi cha disketi, yenye programu ya FlashFloppy: inakaa mahali pa kile cha zamani, kwa waya ule ule wa pini 34, na inasoma nakala kamili za disketi zilizowekwa kama faili kwenye flashi. Kabla ya kununua, hesabu pini za waya wako, kwa kuwa baadhi ya vinanda vina waya wa pini 26.