Kwa nini programu yangu inasoma 4,000 kama 4?

Swali: Ninaandika programu ndogo kwa lugha ya C ya kukokotoa malipo ya dagaa pale mwalo wa Kirumba. Nikiandika ./dagaa 25 4,000, yaani kilo 25 kwa shilingi 4,000 kila moja, inanipa 100 badala ya 100000. Idadi ya hoja (maneno yanayoandikwa kwenye mstari wa amri) nimeikagua kwa argc, na namba nazisoma kwa atoi. Mwenzangu anasema niwakataze tu watumiaji kuandika koma. Msomaji, Nyegezi.

Jibu: Ndugu msomaji, ushauri wa mwenzako usiufuate. Mfanyabiashara wa Mwanza ameandika bei kwa koma tangu alipojifunza hesabu, na hataacha kwa sababu ya programu yako.

Kuikagua argc ni vyema, ila inakueleza tu kwamba vitu vitatu vimeingia, jina la programu likiwemo. Haikuelezi vina nini ndani. Vyote vilivyomo katika argv, yaani orodha ya hoja hizo, ni herufi, hata hiyo 25. Sasa atoi husoma tarakimu mpaka ikutane na herufi isiyo tarakimu, kisha hukomea hapo bila kusema neno, na ndiyo maana "4,000" imekuwa 4. Mtu akiandika "elfu" utapata 0, nawe hutakuwa na njia ya kuitofautisha na sifuri iliyoandikwa kwa makusudi.

Tumia strtol, ambayo hukuonyesha pia usomaji ulikomea wapi:

char *mwisho;
errno = 0;
long bei = strtol(argv[2], &mwisho, 10);
if (mwisho == argv[2] || *mwisho != '\0' || errno == ERANGE)

Sharti hilo likitimia, yaani hakuna namba iliyosomwa, au kuna herufi zilizobaki, au namba imezidi kiasi, andika kosa kwenye stderr (njia ya ujumbe wa makosa) na usitishe kazi, au ondoa koma kwanza ndipo usome upya.

Kinachonisikitisha ni wale wanaofundisha C kwa siku tatu, wakiwaambia vijana kwamba programu iliyopita kwenye kompaila (chombo cha kugeuza msimbo kuwa programu) bila onyo imekamilika. Haohao huwafundisha kulinganisha argv[1] na "-k" kwa ==, ambayo hulinganisha anwani za kumbukumbu badala ya maneno (kazi hiyo ni ya strcmp), na kunakili hoja kwa strcpy kwenye nafasi ya herufi 20, hata kama mtumiaji ameandika 200. Programu inayoanguka utaijua siku hiyohiyo. Hii yako ingemlipa mvuvi shilingi 100 kwa mzigo wa laki moja, na risiti ingetoka safi kabisa.