Najichoma sindano kwa kujificha, mke wangu hajui

SWALI: Habari dada, mi ni fundi seremala hapa Morogoro, nina miaka 43. Sukari nimeishi nayo mwaka wa sita nikimeza vidonge, sasa mwezi wa tatu daktari kaniambia vidonge havitoshi nianze insulini na toka siku hiyo sijielewi kabisa. Nyumbani wanajua bado niko kwenye vidonge, sindano najichomea karakana, chupa naificha kwenye boksi la misumari. Harusini nakula pilau nashushia na soda nisije nikaulizwa. Hasira nyingi mpaka watoto wananikwepa, usiku silali. Je ndo nimefika mwisho?

JIBU: Pole sana kaka yangu, na hapana, hujafika mwisho. Kongosho, kiungo kinachotengeneza insulini mwilini, huwa linachoka taratibu miaka inavyoenda, wengi wenye sukari kama yako wanafika kwenye sindano hata wale waliofuata masharti yote, kwa hiyo usijione umeshindwa. Ila nakuelewa, unamlilia yule fundi wa zamani aliyekuwa anakula anachotaka bila kuhesabu, na kilio hicho ni halali kabisa.

Kinachonitisha ni lile boksi. Karakana ya bati saa nane mchana ni tanuri, insulini ikipita nyuzi 30 inaanza kuharibika, unajichoma dawa iliyokufa nguvu halafu sukari haishuki unaona ugonjwa umekushinda. Hiyo chupa usiitumie tena, omba nyingine kliniki. Ambayo haijafunguliwa ikae kwenye friji (sio friza), kama hamna friji chungu ndani ya chungu na mchanga uliolowa katikati kinasaidia sana.

Na hizo hasira, jipime zikikupanda. Sukari ikishuka chini ya 4 (mmol/L kwenye mashine ya kupimia) mtu anatetemeka, jasho linamtoka, anagomba bila sababu, na mkeo asiyejua kitu atadhani umemchoka kumbe ulihitaji vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji kisha upime tena baada ya dakika 15. Siku ukizimika usiku nani atajua cha kufanya?

Kama kipimo kiko sawa na bado hulali, mwambie daktari wazi wazi, sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, inawapata sana watu wa sukari na ina matibabu.

Mkeo usimpe hotuba. Jioni watoto wakilala mwekee chupa mpya mezani, chota dozi yako akiwa anaangalia, yeye mwenyewe ataanza kuuliza.