Jibu: Je, siku moja inatosha kuiona Kamakura?
Ndugu, umeuliza kama siku moja inatosha kuyaona mahekalu ya Kamakura, mji wa Japani, ukitokea Tokyo. Inatosha, mradi uondoke asubuhi na mapema, kwa kuwa mengi hufungwa kati ya saa 10 na saa 11 alasiri. Panda treni ya Yokosuka, mwendo wa takriban saa moja, nami nakusihi ushuke Kita-Kamakura, kituo kimoja kabla ya mji wenyewe, maana hekalu la Engaku-ji liko hatua chache tu kutoka hapo. Lilianzishwa mwaka 1282 na Hojo Tokimune, mtawala wa Japani wakati huo, ili kuwaombea waliokufa katika vita na Wamongolia, wa pande zote mbili, jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko uzuri wa majengo.

Tembea kwa miguu hadi Tsurugaoka Hachimangu, patakatifu pa dini ya Shinto, ukipitia hekalu la Kencho-ji, kisha panda treni ndogo ya Enoden hadi Hase. Huko sanamu ya Buddha ya shaba, yenye kimo cha zaidi ya mita 11, imeketi uwanjani bila paa. Ina uwazi ndani, na ukiingia kwa ada ndogo utaona mistari ya maungio inayoonyesha jinsi mafundi wa karne ya 13 walivyoisubu tabaka juu ya tabaka. Muda ukibana, acha maduka ya mtaa wa Komachi, lakini hekalu la Hase-dera usiliache.