Tepe nyekundu hazimwokoi swala

SWALI: Daktari, sisi ni vijana 18 wa kujitolea huku Isinya. Jirani mwenye ranchi amekubali tumrekebishie ua wake wa seng'enge, nyaya tano, kwa sababu swala hunaswa humo kila msimu. Tumeshakusanya chupa za plastiki na tepe nyekundu za kufunga kwenye waya. Fundi mmoja anatushauri tuongeze waya wa stima chini kabisa, sentimita 10 kutoka ardhini. Je, tepe zikae umbali gani? – Msomaji, Kajiado

JIBU: Tepe ziacheni kando kwanza. Nimechoka kutumiwa picha za ua uliopambwa kama wa harusi, halafu baada ya wiki mbili picha ya swala aliyekaukia palepale katikati ya mapambo. Swala aliuona ua vizuri sana. Hakuwa na pa kupita, basi. Na hizo tepe zikichanika, ng'ombe wa jirani yenu atazila.

Watu wamekariri kwamba swala ni kuruka tu. Pofu, yule swala mkubwa kama ng'ombe, na uzito wake wote, anaruka mita moja na nusu bila jasho. Lakini kitoto cha swala hakiruki, na nyumbu na pundamilia si warukaji. Hata anayeruka hunaswa mguu wa nyuma: unateleza kati ya waya wa juu na wa pili, nyaya zinajisokota kama kamba, na kila akivuta zinakaza. Nyaya zilizolegea ndizo mbaya kuliko zote.

Kwa hiyo tembeeni ua mzima kabla ya kushika koleo. Angalieni manyoya kwenye miiba ya waya wa chini na udongo uliokwanguliwa chini yake. Hapo ndipo wanapopita, anzieni hapo. Waya wa chini uwe laini, usio na miiba, sentimita 45 kutoka ardhini. Wa juu usizidi sentimita 105. Kati ya wa juu na wa pili acheni 30, mkaze. Nyaya nne zatosha ng'ombe. Vipimo hivi vinatumika Montana na Wyoming, Marekani, kwa sababu ya pronghorn, mnyama anayeshinda wote wa huko kwa mbio lakini akifika kwenye ua huinama apenye chini.

Jirani atauliza kuhusu mbuzi kupenya hapo chini. Mwambieni mbuzi huchungwa mchana na usiku hulala bomani. Boma ndilo la kuzibwa sawasawa, si mpaka wa ranchi. Kwa nyumbu, ombeni vipande viwili vitatu ambavyo nyaya zake zinaweza kulazwa chini wanapohama. Mnyama akinaswa, pigieni KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, msimkaribie.

Sasa huyo fundi. Waya wa stima kwa sentimita 10! Kobe akipigwa shoti harudi nyuma, anajikunyata ndani ya gamba papo hapo huku mapigo yakiendelea karibu kila sekunde mpaka afe. Kakakuona ndiye balaa zaidi, maana hujiviringisha akaukumbatia waya wenyewe. Afrika Kusini wamewaokota wengi hivyo. Anayewauzia ua wa aina moja kwa kila shamba hajawahi kuutembelea asubuhi akaona kilicholala chini yake.

Lakini kinachoniudhi kuliko fundi ni kikundi kinachomaliza kazi, kinapiga picha, kinaacha vipande vya waya kichakani. Waya uliokatwa ni mtego uliokwisha kutengenezwa nusu. Anayetafuta kitoweo anabakiza kuupiga kitanzi. Nimewahi kufungua kitanzi shingoni mwa punda milia ambacho bado kilikuwa na misumari ya U ya nguzo. Pimeni mita mnazotoa, viringisheni kila kipande, hata cha urefu wa mkono, mkabidhi mwenye ranchi au muuze chuma chakavu siku hiyohiyo. Hesabu isipolingana, rudini mkatafute kabla giza halijaingia.