Usimwachishe mtoto ngano kabla hajapimwa siliaki

Jamani wazazi wenzangu, hili kosa nlilifanya mimi, msilirudie. Mwanangu alikuwa na miezi 14, tumbo limejaa kama ngoma, anaharisha kila kukicha, uzito haupandi, analialia tu, nikasoma habari za siliaki, ule ugonjwa ambao gluteni, protini ya ngano, inafanya mwili ushambulie utumbo wake wenyewe, nikaona dalili ndo zenyewe, basi siku hiyohiyo nikamkatia kila kitu chenye ngano. Akapata nafuu kweli. Miezi kadhaa baadaye ndo tukaenda kupima damu, majibu yakaja hana kitu!

Daktari wa watoto akaniuliza swali moja tu, "Mama, ngano anakula?" Kumbe kile kipimo cha tTG kinatafuta kingamwili ambazo mwili unazitengeneza ukikutana na gluteni ya ngano, shayiri au rai (nafaka inayofanana na ngano), ukishaiondoa zinashuka taratibu na majibu yanaonekana safi. Ikabidi tumrudishie ngano kila siku kwa wiki kadhaa, daktari akifuatilia, na kuharisha kukarudi. Nililia sana, yaani unamlisha mtoto kitu unachoona kabisa kinamuumiza.

Afu kingine, uliza kama wanapima na IgA ya jumla. tTG ya kawaida inaangalia kingamwili za aina ya IgA, sasa kuna watoto hawana IgA ya kutosha, na hawa wa chini ya miaka 2 wengine mwili haujaanza kuitengeneza vizuri, kwa hiyo majibu yanaweza kukudanganya. Ikiwa chini, wanatafuta za aina ya IgG, kama DGP. Mara ya kwanza sisi hatukupimiwa hiyo na mi sikujua kuuliza. Omba vyote vitoke kwenye damu ya mara moja, kutafuta mshipa kwenye kamkono kale si mchezo. Usimshindishe njaa, haihitajiki, mnyonyeshe, mpe maji, mpakate mwenyewe.

Mara ya pili tTG ilipita mara 10 ya kiwango cha juu cha kawaida, wakachukua damu nyingine wakapima EMA, kingamwili nyingine ya siliaki, nayo ikathibitisha, hivo hakuingizwa kamera tumboni. Ingekuwa imepanda kidogo tu wangehitaji kukata kinyama cha utumbo.

Dada yake naye tumempima, maana ndugu wa damu wako kwenye hatari zaidi. Yake safi, ila tutarudia akikua kwa sababu inaweza kuanza baadaye. Ngano bado anakula, sijamgusa.