Semina ya siku moja haitawaunganisha madaktari wanaojifunza

SWALI: Mimi ni daktari ninayesomea ubingwa, na nimepewa jukumu la kuwaratibu madaktari watarajali, yaani wahitimu walio katika mwaka wa mafunzo kazini, katika hospitali moja ya Moshi. Wametoka vyuo mbalimbali, baadhi wamesomea China na Urusi, na wapo wa dini na mikoa tofauti. Wanakaa kwa makundi, na wawili wameomba kuhamishwa idara bila kutaja sababu. Uongozi unataka kumwalika mwezeshaji wa semina ya umoja ya siku moja, atakayepima haiba za washiriki. Je, itasaidia?

JIBU: Daktari mwenzangu, semina hiyo haitakusaidia, na kipimo cha haiba kinaweza kukuharibia hata uelewano mdogo uliopo. Baadhi ya vipimo vya aina hiyo huwagawa watu katika makundi manne ambayo asili yake ni imani ya Wagiriki wa kale kwamba mwili hutawaliwa na majimaji manne, yaani damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Udaktari uliiacha imani hiyo zamani, na inaniudhi kuona madaktari wakilipishwa ili waambiwe kwamba mwenzao ni mkimya kwa sababu ndivyo alivyoumbwa. Mtarajali anayenyamaza kwenye raundi ya kuwaona wagonjwa huenda amenyamaza kwa sababu mara ya mwisho alipojibu aliulizwa amesomea wapi, na wote waliozunguka kitanda wakacheka.

Hata hivyo, linalonisumbua zaidi ni kauli inayotangulia semina hizi, ambayo naisikia Moshi na naisikia Arusha: sisi Watanzania hatuna ukabila wala udini, kwa hiyo hapa hakuna cha kurekebisha isipokuwa kuwakumbusha vijana wapendane. Nchi yenye makabila zaidi ya 120 haikupata umoja wake kwa kukumbushana. Iliupata kwa taratibu zilizosimamiwa. Kijana wa Rombo alipangiwa sekondari Tabora na wa Songea akaletwa Moshi. Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, likawalaza bweni moja vijana ambao wasingekutana popote. Watumishi wakapelekwa mikoa ambayo hawakuzaliwa, na Kiswahili kikawa lugha ya kazi. Kiongozi anayeitumia sifa hiyo ya taifa kama sababu ya kutochunguza yanayotendeka katika wodi zake anakula akiba ambayo hakuiweka yeye.

Kwa hiyo anza na rota, yaani ratiba ya zamu. Chukua ya miezi mitatu iliyopita, uangalie ni nani aliyepangiwa usiku wa sikukuu mara nyingi kuliko wenzake, na ni nani anayelazimika kubembeleza ili apate nafasi ya swala ya Ijumaa au ibada ya Jumamosi. Kisha fungua daftari la chumba cha upasuaji, maana humo ndimo penye jambo zito kuliko yote. Mwaka wa utarajali ni mmoja, na daktari ambaye ameumaliza akijaza mafaili huku mwenzake akifundishwa kupasua atapelekwa wilayani akiwa peke yake na mama mwenye uchungu pingamizi. Ukikuta kwamba wanaoitwa kwenye meza ya upasuaji ni wale waliosoma chuo kimoja na msimamizi, umeipata sababu mojawapo ya makundi unayoyaona, na fulana za rangi moja za semina hazitaiondoa.

Watazame pia madaktari wanawake, ambao wagonjwa huwaita sista hata baada ya kujitambulisha. Mgonjwa simlaumu. Wajibu ni wa daktari bingwa anayeongoza raundi, naye anapaswa kusema papo hapo kwamba huyu ndiye daktari wako. COSECSA, chuo cha wapasuaji cha nchi za Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika chenye makao yake hapa Arusha, kina jumuiya ya wanawake wapasuaji iliyoundwa mwaka 2015. Kwa kuwa wanafunzi wa chuo hicho hujifunzia katika hospitali za nchi nyingi, mwanamke aliye peke yake katika idara yake anaweza kupata wenzake na walezi nje ya kuta za hospitali, na huo ni mpango wa kudumu.

Upo mzigo mwingine ambao rota haiuonyeshi. Mgonjwa asiyejua Kiswahili akiletwa kutoka Simanjiro au Longido, daktari anayejua Kimaasai huitwa na kila idara awe mkalimani, na kazi zake mwenyewe humsubiri. Saa hizo zihesabiwe kuwa kazi, na apunguziwe nyingine. Vilevile, makabidhiano ya zamu yafanyike kwa lugha ambayo kila aliyepo anaielewa, kwa sababu mtarajali wa Kigoma anapoachwa nje ya mazungumzo ya Kichaga anakosa pia habari za mgonjwa.

Waliosomea ng'ambo wapange zamu moja na waliosomea nchini. Kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo katika hospitali ya KCMC, Moshi, tangu mwaka 1992 huwapokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika, na hujifunza kwa kuiangalia ngozi nyeusi, ilhali vitabu vingi vya kigeni huonyesha vipele kwenye ngozi nyeupe, ambako wekundu hauhitaji kutafutwa. Aliyesoma kwa vitabu hivyo anahitaji jicho la mwenzake, naye ana mengi ya kumpa.

Wale wawili wasikilizwe faraghani, kila mmoja peke yake, na mtu asiyewapa alama wala kuwasainia vitabu vyao vya mafunzo. Lalamiko lao lisiitwe fitina. Kiapo cha Geneva cha madaktari, kama kilivyorekebishwa mwaka 2017, kinamtaka daktari awaheshimu walimu, wenzake na wanafunzi wake na aitunze afya yake mwenyewe. Anayeomba kuondoka mahali panapomuumiza hajavunja nidhamu.

Nawaonya hivyo hivyo viongozi wa hospitali zote zinazofundisha, hasa kuhusu ile sehemu ya semina ambapo washiriki hukalishwa kwa duara na kuhimizwa kusema yaliyo moyoni mbele ya wakubwa wao. Mtarajali atakayesema kweli Jumamosi atakutana na msimamizi huyo huyo wodini Jumatatu, wakati mwezeshaji amekwisha kulipwa na kuondoka, na hakuna atakayemlinda. Uongozi wako ukikataa kuifuta semina, dai kwa maandishi kwamba sehemu hiyo iondolewe kwenye ratiba.